Anza na mashine, programu ya kuchorea ije mwisho

Vijana wanaokuja kujifunza CNC, yaani mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, karakanani kwetu huuliza swali lilelile kabla hata hawajashika jiliwa: "Fundi, nijifunze CAD ipi?" CAD ndiyo programu ya kuchorea. Wengi huwa wameshajijibu, maana wameona video ya mtu akizungusha injini nzima kwenye skrini. Mimi huwapeleka mbele ya mashine wasome jina lililo kwenye kontrola, ule ubongo unaoiendesha. Ni Fanuc? Siemens? Haas? Au ni kompyuta ya mezani yenye programu ya Mach3? Tunaanzia hapo.

Mashine haijali mchoro wako ni mzuri kiasi gani. Yenyewe inasoma G-kodi, yaani mistari ya amri za mwendo, na kila kontrola ina lahaja yake. Anayeandaa njia za kikatio kutoka kwenye mchoro ni programu ya CAM. Mkalimani kati ya CAM na kontrola ni posti-prosesa, ambayo sisi tunaiita posti tu. CAM isiyo na posti ya kontrola yako itakufanya urekebishe mistari kwa mkono kila kazi, na siku utakayosahau mstari mmoja kikatio kitajichimbia kwenye jiliwa. Kwa hiyo tafuta posti kwanza, posti ikuonyeshe CAM, kisha CAM ikuonyeshe CAD ya kushirikiana nayo.

Mimi nilikwenda kinyume. Nilianza na programu ya bure inayochora maumbo kwa pembetatu, nikawa natoa faili za STL, ambazo huhifadhi umbo kama pembetatu hizo. Ikaja kazi ya nyumba ya beringi 6204 ya pampu ya maji. Beringi hiyo ina kipenyo cha nje cha milimita 47. Nikachora tundu la 47, kwenye skrini likaonekana mviringo safi, nikachonga. Beringi ikagoma.

Nilipokuza picha ndipo nikaona: tundu langu halikuwa duara, lilikuwa na pande 36. Kona ziligusa duara la 47, lakini katikati ya kila upande ilikuwa imeingia ndani kwa milimita 0.09. Ukipima kutoka upande hadi upande wa pili unapata 46.82, wakati tundu la H7 (daraja la usahihi wa vipimo vya matundu) la kipenyo hicho linatakiwa liwe kati ya 47.000 na 47.025. Nikahangaika na msasa nusu siku, beringi ikaingia, ikawa inacheza upande mmoja. Kipande kikaenda kwenye chakavu, na alumini ile nililipa mwenyewe.

Hapo ndipo unapoona umuhimu wa modeli mango (solid). Humo tundu limeandikwa kama silinda: kipenyo hiki, mhimili huu, kina hiki. CAM ikilisoma inajua ni tundu, na nyingi zinaweza kukuchagulia lote kwa mbofyo mmoja. Faili la STEP, la kuhamishia modeli kati ya programu, linabeba habari hizo. STL imetokana na uchapaji wa 3D miaka ya 1980, na huko inafaa, ila usiipeleke kwenye kazi ya beringi. IGES, aina ya faili ya zamani ya kuhamishia michoro, nayo bado utaletewa na wateja wa zamani. Mara nyingi inabeba nyuso tu, na nyuso hizo zikifika kwako huwa na nyufa za kuziba moja moja.

Sasa, CAD na CAM zikae pamoja au kila moja kivyake? Kama wateja wako wanabadilisha mawazo, na hakuna mteja asiyebadilisha, tafuta zilizounganishwa. Mteja akisema unene uwe 15 badala ya 12, unabadilisha namba moja, njia za kikatio zinakokotolewa upya, unazikagua, unaendelea. Fusion imeweka vyote ndani ya programu moja. SolidCAM inafanya kazi ndani ya SolidWorks, na Mastercam ina toleo la namna hiyo pia. Ukipokea faili la STEP kutoka nje, uhusiano huo haupo: mchoro ukibadilika unaingiza faili jipya, na mara nyingi unachagua nyuso upya.

Kuhusu za bure, soma masharti ya leseni. Fusion ya matumizi binafsi si ya biashara, na tangu 2020 imeondolewa mwendo wa kasi wa kikatio hewani na ubadilishaji wa vikatio wa otomatiki. Onshape inafanya kazi kwenye kivinjari, kwa hiyo bando likiisha umekaa, na akaunti ya bure huacha michoro wazi kwa umma. Mchoro wa mteja si wako kuuanika. FreeCAD ni huru kabisa na ina sehemu yake ya CAM. Kwa miaka mingi ilisumbua kwa kupoteza nyuso ukirekebisha mchoro, lakini toleo la 1.0 la Novemba 2024 limepunguza sana tatizo hilo.

Kabla ya kutoa hela, chukua kipande kimoja cha kazi yako halisi, usitumie kile cha maonyesho cha muuzaji. Kichore, kitengenezee njia za kikatio, kisha rudi uhamishe tundu moja na uone nini kinavunjika. Tazama pia kama kona za ndani ni rahisi kuziviringa. Endimili (kikatio cha mviringo kinachozunguka) ya milimita 10 haiwezi kuacha kona kali, inaacha nusukipenyo cha 5. Mimi huchora 6 ili kikatio kipite kikigeuka, badala ya kusimama konani na kupiga kelele.

Na kila faili la mtu mwingine likifunguka, pima kwanza upande mmoja unaoujua. Urefu wa 100 ukisomeka 2540, mtu amechanganya inchi na milimita. Mpigie simu kabla hujafunga chuma kwenye jiliwa.