Mwanangu, ekzosi iache ilivyo

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Busia, huku mpakani na Kenya. Huku sote tu wazima, mvua zimeshika na mahindi yamefika magotini. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umenunua pikipiki ya Boxer 150 iliyotumika, umebakiwa na laki tano, na fundi wako wa Kampala anakushawishi uweke ekzosi (bomba la moshi) ya mlio mkubwa, taa za LED na rangi mpya kwenye rimu. Unataka nikuambie uanze na nini. Halafu mwishoni umeongeza: "Mama, kwani wewe hujawahi kuchoka na pikipiki?"

Nianze na pesa. Toa laki mbili na nusu ununue helmeti. Najua ulitarajia nianze na chombo chenyewe, lakini chombo kina spea dukani, kichwa hakina. Ukiwa dukani ipindue uangalie kwenye mkanda wa kidevu: utafute kibandiko chenye herufi E ndani ya duara, na namba pembeni yake. Kisha bonyeza ndani kwa kidole gumba. Chini ya kitambaa lazima ukute povu gumu lisilobonyea ovyo kama sponji la godoro. Ivae, funga mkanda, tikisa kichwa; ikicheza, rudisha, omba ndogo zaidi. Na usinunue iliyotumika, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Helmeti iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu imekwisha kazi, ufa uonekane usionekane.

Zinazobaki zipeleke kwenye matairi na breki. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu 4 zinazoonyesha lini lilitengenezwa: 2 za mwanzo ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wenye maduka hawapendi mteja anayeinama kusoma hizo namba. Wewe inama. Mimi niliwahi kuuziwa tairi "jipya" lililokuwa limekaa dukani miaka mingi, meno yake mazuri kabisa lakini mpira umekauka kama soli ya kiatu cha zamani. Siku ya kwanza ya mvua lilinimwaga kwenye barabara ya Majanji, enzi hizo ikiwa bado ya murami, udongo na kokoto bila lami, nikiwa kazini na sanduku la chanjo nyuma. Kovu la kiwiko unalijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilipitisha kidole.

Upepo pima mwenyewe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Mimi naweka pauni 25 mbele na 28 nyuma nikiwa peke yangu, nikibeba mtu naongeza la nyuma hadi 32. Kipimo cha mkononi kinauzwa bei ndogo, na kitakuonyesha mengi ambayo teke la fundi kwenye tairi haliwezi.

Breki za kwenye picha uliyonitumia ni za dramu zote mbili, zile zinazobana ndani ya kitovu cha gurudumu. Usizidharau. Mwezi uliopita ya mbele kwenye Boxer yangu ndogo ilianza kulia asubuhi, nikaifungua. Brekishuu, vile vipande vinavyosugua dramu, zilikuwa bado nene, ila uso wake umekuwa mweusi, unang'aa kama sakafu ya simenti iliyopigwa nta. Nilizisugua kwa msasa, nikivuta mkono kuelekea upande mmoja tu, mpaka mng'ao ukaisha na uso ukarudi kuwa mkavu wa kijivu. Dramu nikaifuta kwa kitambaa kilicholowa maji. Lile vumbi usilipulize kwa mdomo hata siku moja, linaharibu mapafu. Nikatia grisi tone moja kwenye kamu, kile chuma kinachosukuma brekishuu, nikafunga, nikabadilisha na waya wa breki. Jioni niliibana nikiwa mbele ya soko, shokabu za mbele zikabonyea taratibu na pikipiki ikasimama kama iliyoambiwa. Nilirudia mara tatu kwa raha tu.

Jifunze kuiamini hiyo ya mbele. Vijana wa boda wengi wanaiogopa, wanakanyaga ya nyuma tu, kumbe ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele na tairi la mbele ndilo linaloshika barabara. Kwenye lami ibane kwa kuiongeza kidogo kidogo. Kwenye murami uliolowa iguse kwa vidole viwili.

Ekzosi iache ilivyo. Simwonei huruma jirani peke yake, nakuonea wewe. Pikipiki inasema, na mimi miaka yote hii nimeitibu kwa sikio. Cheni iliyolegea inapiga taka-taka ukiachia moto, yaani mpini wa mafuta, ghafla. Valvu zinazotaka kurekebishwa zinagonga kama cherehani. Beringi ya gurudumu inayokufa inanguruma chini chini, na ukishika klachi ule mngurumo hauondoki, ndipo unajua tatizo si injini. Ukiweka hiyo bomba ya kelele, yote hayo hutayasikia. Isitoshe injini yako ni ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli: ukiifungulia ekzosi bila kugusa kabureta, inavuta hewa nyingi kuliko petroli na inachemka kupita kiasi. Fundi atakulipisha mara ya pili.

Kama unataka kuona mabadiliko ya kweli kwa pesa kidogo, cheza na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Wewe unakaa Kampala, vilima kila upande, na unasema unabeba mizigo. Ongeza meno mawili kwenye sproketi ya nyuma, itapanda vizuri zaidi, ila kwenye barabara kuu injini itazunguka sana kwa mwendo uleule. Ukitaka safari ndefu za Jinja, punguza. Usianze na ya mbele: jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma, utakuja kushangaa. Nilipopanda mlima kwenda maporomoko ya Sipi kutoka Mbale miaka michache iliyopita niliongeza mawili, na ile Boxer ya 100 ilinipandisha bila kushushwa gia kila kona. Nilisimama kwenye ukingo nikaangalia maporomoko mpaka chai ikapoa. Nunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka huliwa haraka.

Taa: kwanza safisha viungio vya waya na ubandike karatasi za kuakisi mwanga nyuma na ubavuni. Pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele inakula umeme moja kwa moja kutoka injini, ndiyo maana inafifia ukiachia moto. Balbu ya LED isiyoendana na umeme huo itapepesa, na mwanga wake utampofua anayekuja mbele yako. Hilo linaweza kusubiri.

Sasa lile swali la kuchoka.

Nilianza mwaka 1989, nikiwa mchanjaji, wakati Busia bado iko chini ya wilaya ya Tororo. Nilipewa Yamaha AG100, pikipiki ya mashambani, ina keria mbele na nyuma na cheni yake imefungwa ndani ya boksi matope yasiingie. Babu yako, askari polisi, ndiye aliyenifundisha klachi kwenye uwanja wa gwaride, akitoa amri kwa Kiswahili cha kambini: "Achia polepole! Polepole nimesema!" Askari wenzake walikuwa wamekaa kwenye kivuli wanatazama. Watu wa mpaka huu ndio walioanza kubebana kwa baiskeli miaka ya 1960, kutoka kituo cha huku hadi cha upande wa Kenya, wakiita "boda, boda", lakini mwanamke akiwa mbele, ameshika usukani mwenyewe, hilo lilikuwa jipya. Watoto walinikimbilia kijiji baada ya kijiji.

Chanjo haitaki joto lipite nyuzi 8 wala baridi ishuke chini ya 2. Kwa hiyo nilijifunza kuendesha nikiwa na kitu nyuma kinachonihesabia muda: barafu. Siku ile tairi liliponimwaga, nilifungua sanduku kabla sijaangalia kiwiko changu. Barafu ilikuwa bado ngumu. Niliikanyaga kiki mara nne, ikawaka, nikafika na sketi ikiwa tope tupu, na wale akina mama walikuwa bado wamekaa chini ya mwembe na watoto wao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameondoka. Walikuwa wamesikia mlio kwa mbali, wakajua ni mimi.

Mwanangu, mimi nikipita pale leo, lami tupu, namsikia bado yule msichana wa AG100 akiachia klachi polepole. Nimestaafu, magoti yanauma, lakini nikishafunga mkanda wa helmeti na injini ikatulia kwenye mlio wake, mwili wote unakumbuka. Jumapili nyingi nakwenda mpaka ziwani Majanji, nanunua sangala mmoja, narudi. Nitachoka na nini hapo?

Jumamosi ijayo njoo nayo nyumbani, tutaifungua pamoja uani. Njoo asubuhi mapema, usisafiri usiku na hizo tairi za zamani. Na usiioshe kabla ya kuja. Nataka nione oili inavujia wapi.

Mama yako