Sosi ya rubabu: sukari kidogo, maji usitie, majani usiguse

Jirani yangu hapa Leeds ni bibi aliyeshapita miaka 80, na nyuma ya nyumba yake ana shina moja la rubabu analolitunza kuliko maua. Kila mwezi wa nne ananiita uani kwake. Havuni kwa kisu. Anainama, anashika kikonyo chini kabisa kinapotokea ardhini, anakizungusha kidogo huku anakivuta, nacho kinachomoka kizima kwa mlio mfupi, kama mtu anayevunja vidole. Ukikata kwa kisu, ananiambia, kipande kinachobaki huoza na uozo ukaingia hadi kwenye mzizi. Wala havuni vyote. Nusu anaiacha ili mmea upate nguvu ya mwaka ujao.

Dukani kibandiko kinaandikwa rhubarb. Sisi nyumbani tunaita rubabu. Kwa ambaye hajaiona: ni vikonyo vyekundu au vya kijani chenye wekundu, vinene kama kidole gumba, na juu ya kila kikonyo kuna jani pana lenye mikunjo, kubwa kama la gimbi. Kinacholiwa ni kikonyo tu. Ukikitafuna kibichi ni kikali kuliko embe bichi, na kinaacha ukakasi kwenye meno kama umekula mbirimbi nyingi.

Nianze na majani, kwa sababu hapo ndipo penye hatari, hasa kwetu sisi tuliokulia kwenye kisamvu, matembele na majani ya maboga. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazungumza na mama yangu aliyeko Tanga kwa simu ya video huku nasafisha rubabu. Akaona rundo la majani kwenye sinki.

"Mwanangu, mboga yote hiyo unaitupa?"

"Mama, hayo ni sumu. Hayaliwi hata yakichemshwa."

Akanyamaza kidogo. "Basi yaondoe hapo, watoto wasije wakayachezea."

Majani ya rubabu yana asidi ya oksaliki nyingi mno, na kuyachemsha hakuyafanyi kuwa salama. Waingereza wenyewe walijifunza kwa maumivu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chakula kilipopungua, watu walishauriwa kuyapika majani hayo kama mboga, na walikuwapo waliodhurika kwa sumu yake. Kwa hiyo mgeni akikusaidia jikoni, mwambie mapema. Yatupe au yapeleke kwenye lundo la mboji, huko hayana shida.

Sasa sosi. Kosa nililofanya mwanzo ni kuipika kama tunavyopika vitu vingine: sufuria la alumini nililotoka nalo nyumbani, maji vikombe viwili, moto mkubwa. Nilipata uji mwepesi wa rangi ya kijivu wenye ladha ya chuma, kama umelamba sarafu. Sufuria lenyewe ndani liling'aa kama jipya, kwa sababu uchachu wa rubabu ulikuwa umekula ile ngozi nyeusi ya alumini na kuichanganya na chakula changu. Sosi yote nikaimwaga. Tangu siku hiyo natumia sufuria la stili au la enameli, na maji sitii hata tone. Kikonyo cha rubabu ni maji zaidi ya asilimia 90, yanatosha.

Ninavyofanya ni hivi. Nusu kilo ya vikonyo naviosha, nakata ncha mbili, kisha navikata vipande vya urefu wa pingili ya kidole. Simenyi ngozi, maana wekundu mwingi uko kwenye ngozi. Nachomoa tu nyuzi za vikonyo vilivyokomaa sana. Naweka kwenye sufuria pamoja na vijiko 3 vya chakula vya sukari, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba iliyokwaruzwa, iliki 3 zilizopondwa, na juisi ya nusu chungwa. Kisha naiacha nusu saa bila moto. Hii nusu saa usiiruke. Ukirudi utakuta chini ya sufuria pamejaa maji mekundu yaliyovutwa na sukari, na hayo ndiyo yatakayoipika.

Moto mdogo, mfuniko juu, dakika 10 hadi 12. Usikoroge sana. Vipande vinashikilia umbo lake kwa muda, halafu ghafla vinalegea vyote kwa pamoja. Hapo zima moto. Ukitaka rojo laini, koroga sasa. Onja ikiwa imepoa kidogo, ndipo uamue kama inahitaji utamu zaidi, kwa sababu ikiwa ya moto ulimi unadanganyika. Mimi nikiona bado kali naongeza tende 4 au 5 zilizokatwakatwa badala ya sukari. Zinayeyukia humo, na tende na tangawizi vinapatana na uchachu huo vizuri sana.

Kwenye friji inakaa siku 5 bila tatizo. Naila asubuhi juu ya mtindi au uji wa shayiri, watoto wanachovyea chapati. Lakini ninapoipenda zaidi ni pamoja na samaki kibua wa kuchoma, na hapo naipika kwa sukari kijiko kimoja tu na pilipili mbichi. Mafuta ya kibua yanataka kitu kichachu cha kuyakata, kama sisi tunavyotia ndimu au ukwaju.

Kama uko Uingereza, rubabu ya kwanza utaiona mapema kuliko ya bustanini, kuanzia mwezi wa kwanza: myembamba, ya waridi iliyokolea, na ya bei. Inatoka karibu na hapa kwetu, kwenye pembetatu ya Wakefield, Morley na Rothwell. Mizizi hukaa shambani miaka 2 ikipigwa na baridi, kisha huhamishiwa kwenye mabanda yenye joto na giza totoro, na huko vikonyo hurefuka kwa kutafuta mwanga. Wavunaji huingia na mishumaa, kwa kuwa mwanga mwingi ungeharibu ile rangi na ulaini wake. Tangu mwaka 2010 jina la rubabu hiyo ya Yorkshire linalindwa kisheria. Ni laini na haihitaji sukari nyingi, lakini kwa sosi ya kila wiki ya bustanini inatosha kabisa.

Kuhusu afya nitasema kwa uangalifu, maana mitandaoni rubabu inasifiwa kupita kiasi. Gramu 100 za vikonyo vibichi zina kalori kama 21 tu, nyuzinyuzi kiasi, potasiamu, na vitamini K ya kutosha, takriban mikrogramu 29. Mimi nimeona faida yake kwenye choo: wiki ninazokula vijiko vichache kila asubuhi sihangaiki. Ila sifa kubwa ya kufungua tumbo ni ya mzizi wa aina za Kichina, uliotumika kama dawa kwa karne nyingi, na huo si wa kuchezea jikoni.

Kalsiamu inaonekana nyingi ukisoma jedwali, lakini sehemu kubwa yake imeshikwa na oksaleti (itokanayo na ile asidi ya oksaliki, ambayo vikonyo navyo vinayo), mwili hauifaidi. Oksaleti hizo hizo ndizo sababu mtu aliyewahi kupata mawe ya figo asiile kabla ya kuongea na daktari wake. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye aulize kwanza, kwa ajili ya hiyo vitamini K. Sisi wengine, kuila na mtindi kunasaidia, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa inaishika oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Na sukari iangalie sana. Mapishi mengi ya huku yanataka gramu 150 au zaidi kwa nusu kilo. Mwenye kisukari akila hiyo kwa kusikia kwamba rubabu ni nzuri kwa afya, amejiumiza. Punguza kidogo kidogo kila unapopika. Nyumbani kwetu tulianza na vijiko 8.

Mwisho wa mwezi wa sita jirani yangu anafunga msimu, havuni tena hata kikonyo kimoja. Kabla ya hapo mimi nakata vipande vibichi, navitandaza kwenye trei ndani ya friza visigandane, kisha navitia kwenye mifuko ya nusu kilo. Vikitoka huko huna haja ya kusubiri ile nusu saa: barafu ikiyeyuka, maji yake yapo tayari.