Mshahara mkubwa, safari ndefu: piga hesabu kwa saa

Ukipata kazi yenye mshahara mkubwa zaidi lakini ofisi iko mbali, usilinganishe namba mbili za kwenye barua za ajira. Linganisha kinachobaki mkononi baada ya kodi na makato ya pensheni. Pale ambapo viwango vya kodi hupanda na kipato, nyongeza ndiyo hukatwa kwa kiwango cha juu kabisa, kwa hiyo nyongeza ya, tuseme, 20% kwenye barua hupungua kabla haijafika benki.

Kisha toa nauli, ugawanye kwa saa zote ambazo kazi inakuchukua. Siku 22 kwa mwezi, saa 8 kwa siku, ni saa 176. Tuseme kazi ya karibu inakuachia 1,000, safari ni dakika 20 kwenda na 20 kurudi, nauli 40 kwa mwezi: inabaki 960 kwa saa 191, yaani kama 5.03 kwa saa. Ya mbali inakuachia 1,200, safari saa moja na nusu kila upande, nauli 150: inabaki 1,050 kwa saa 242, sawa na 4.34. Namba inayouma zaidi ni hii: umeongeza saa 51 barabarani ukapata ziada ya 90. Kila saa ya foleni umeiuza kwa 1.75 hivi.

Wengi hukosea kwenye kupima muda. Ramani ya simu ikifunguliwa Jumapili mchana hudanganya. Ijaribu njia yenyewe Jumatatu asubuhi, mlango hadi mlango, pamoja na kutembea hadi kituoni na kusubiri. Kama safari ni dakika 40 siku nzuri na 80 siku mbaya, ya kwenda hesabu 80, maana utalazimika kuondoka mapema kila siku.

Mwenye gari asiishie kwenye mafuta: kuna matairi, oili, breki, maegesho na thamani inayoshuka kwa kila kilomita. Bima unayoilipa hata gari likilala nyumbani iache nje.

Kufanyia kazi nyumbani siku 2 kati ya 5 hupunguza saa za safari kwa 40%. Nauli nayo hupungua, ila si kwa mwenye tiketi ya mwezi. Siku hizo ziandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo huhama na meneja aliyeitoa.

Ofisi ya karibu nayo isikupumbaze. Saa moja ya ziada isiyolipwa kila siku ni saa 22 kwa mwezi, karibu nusu ya zile 51 ulizookoa. Kwenye usaili uliza watu huondoka saa ngapi, na aliyeshika nafasi hiyo kabla yako aliondoka kwa nini.

Na kama kodi ya nyumba karibu na kazi inazidi ya sasa kwa kiasi kidogo kuliko nauli utakayookoa, kuhama kunalipa. Subiri tu kipindi cha majaribio kiishe kabla hujafunga mizigo.