Mchina akikuuliza "take" maana yake nini, usikimbilie kusema "chukua"

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanicheki inbox, yuko Mwanza, kaanza kufundisha Kiingereza onlaini kwa Wachina na keshakwama. Kasema mwanafunzi kamuuliza maana ya "take", akamwelezea kwa mikono kwamba ni kuchukua kitu, kipindi kilichofuata mtu kaja na sentensi chungu nzima hazina kichwa wala miguu. Nilicheka, halafu nikaingiwa na hasira kidogo, sio kwake jamani, ila mimi nilipokuwa nahangaika na hayohayo sikuwa na wa kumuuliza.

Najua wengi mnaosoma hapa mnaitaka hii kazi kwa hiyo ngoja niwape nilikotoka. Nilianza na watoto, kampuni ya Kichina, hela inaingia vizuri tu, mpaka Julai 2021 serikali yao ikatoa masharti mapya ya masomo ya ziada na kampuni zikakatazwa kuajiri walimu wageni walioko nje ya China kufundisha watoto. Basi, kazi ikaota mbawa. Nikaomba kwa watu wazima, yule dada wa usaili akanisifia Kiingereza weee, mwisho akasema wateja wao wanataka mwalimu wa asili, Mmarekani au Mwingereza. Nikasema asante, nikafunga laptop nikalia. Yamepita, lakini mkiniona naliandika tena mjue halijatoka lote.

Nikaamua kutafuta wanafunzi mwenyewe. Mmoja anauza vigae Foshan, mji wa China, tunakutana saa tisa alasiri ya huku, kule ni saa mbili usiku, mtu katoka dukani kachoka. Siku moja ananisimulia jana yake, kichwa kilimuuma, akasema "I eat medicine, then I sit bus go home". Ndo Kichina chake hicho kimevaa Kiingereza, maana kwao dawa inaliwa, wanasema chi yao, na basi unalikalia, zuo che. Nikamwambia zote mbili hapo ni "take". Akafungua dikshenari ya kwenye simu, akaanza kuskroli, anaskroli tu, ukurasa wa "take" hauishi, akanigeuzia simu kwenye kamera nione. Uso umemshuka kabisa.

Bahati akapiga chafya. Nikamuuliza, hiyo kwa Kichina mnasemaje? Akasema da penti. Na da si ndo kupiga, kupiga mtu kofi? Akasema ndiyo. Nikamuuliza sasa umempiga nani hapo?

Akabaki ananiangalia, halafu akaangua kicheko. Maana da yao ni piga yetu kabisa, yaani ukiikuta mara ya kwanza unaweza kudhani tulikaa kikao kimoja. Simu wanapiga, da dianhua. Sindano wanapiga, da zhen. Miayo wanapiga, ngoma wanapiga. Hakuna Mchina anayekaa kujiuliza sindano inapigwaje, kashaimeza na neno lake pamoja. Nikamwambia na "take" ya Waingereza ndo hivyohivyo, imechoka, haina tena nguvu ya kuchukua, kazi yote inafanywa na neno linalofuata. Take medicine, take a bus, take a shower, take a photo, take notes, take an exam. Usitafute maana ya "take" hapo, meza kipande kizima.

Mwalimu wa asili hilo haliwezi kumjia kirahisi, hajawahi kuhangaika na Kiingereza kama sisi tuliochapwa fimbo kwa ajili yake. Wewe unayo piga, unayo kula kiapo, kula hasara, kula njama. Tumia. Acheni kujiona mko nyuma kwa sababu ya pasipoti, mnanikera sana mnaponiandikia "dada mimi sina lafudhi ya Kimarekani". Nani kakuomba lafudhi? Mtu anataka kuuza vigae.

Sehemu inayowasumbua kweli kweli ni "take" na "bring". Kwao zote zinaingia kwenye neno lao moja, dai, yaani kubeba kitu na kwenda nacho, ndo maana atakwambia "I will take you a gift" wakati anakuja kwako na zawadi. Hapa wala usihangaike na kanuni, sisi tuna leta na peleka, na wao wakiongeza kaneno mwishoni wanatenganisha vilevile: dai lai, kinakuja huku, hiyo ni "bring", dai qu, kinaenda kule, hiyo ni "take". Dakika chache somo limeisha.

Na muda. Mchina anaanza na mtu, nimetumia saa mbili, kwa hiyo anakuletea "I take two hours to the factory". Kiingereza hapo kinaanza na "it", it takes two hours, safari ndo inakula muda sio wewe. Hii mwambie airudie kwa mambo yake mwenyewe, kontena kufika bandarini, rangi ya kigae kukauka, mteja kulipa. Arudie kipande kizima, nasema tena kipande kizima, sio neno mojamoja.

Zile za take off, take over, take after usizimwage siku moja hata akikubembeleza. Chukua take off ya nguo na ya ndege kwanza, kwao ni maneno mawili tofauti, tuo na qifei, hilo tu linatosha kipindi kimoja. Wa Foshan aliambiwa na mteja wake kwamba mwanawe "takes after him", yaani kafanana naye, yeye akadhani mtoto anamfuatafuata dukani. Nilimwambia hiyo tunaiweka wiki ijayo. Alinuna, ila kipindi kilichofuata alikuwa kashalipia na kashakaa kabla yangu.