Kulabu ya Futi Inayocheza

Swali: Mhariri, ninajifunza uashi. Kulabu ya futi yangu ya chuma, yaani kipande kilichopinda mwishoni mwa utepe wa kupimia, inacheza kidogo. Je, niigongelee ikaze?

Jibu: Usiigongelee, ndugu. Kulabu hiyo hucheza kwa kiasi cha unene wake wenyewe, ili ukiinasa kwenye ukingo wa tofali ivutike, na ukiisukuma dhidi ya ukuta irudi nyuma, vipimo vyote viwili vibaki sahihi. Linalotutia wasiwasi zaidi ni mafundi wanaorukaruka kati ya inchi na sentimita: tofali la inchi 9 na saruji ya inchi 1 hufanya kozi (safu moja ya matofali) ya milimita 254, hivyo anayeihesabu kuwa sentimita 25 atakosea milimita 40 afikapo kozi ya 10, na lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha) haitalingana na ya mwenzake.