Hifadhi ya barabara: kuna walioifuata barabara na kuna waliopelekwa

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema bibi yako alihamishiwa kando ya barabara kuu mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vilivyopangwa, mkajenga, mkazika wafu wenu hapo hapo, na leo ukutani kuna X nyekundu ya kubomolewa na mnaambiwa mlivamia hifadhi, yaani ardhi ya kando iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Unataka kujua hifadhi hiyo ilitengwa lini, na nani, na kama mna haki yoyote. Nitajibu kwa kirefu maana jambo hili limepita nyumbani kwetu.

Tuanze na Mjerumani. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitoka amri ya Kaisari kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Ubaya wote uko kwenye hayo maneno "isiyo na mwenyewe". Shamba lililopumzishwa miaka mitatu minne lirudishe rutuba, malisho ya kiangazi, msitu wa matambiko, vyote hivyo machoni pa mpimaji vilikuwa pori tu. Maelekezo yaliyofuata yalisema wenyeji waachiwe eneo mara nne ya lile wanalolima, kinachobaki ni cha dola. Ukiwa na sheria ya namna hiyo mkononi, kupitisha reli kunakuwa kazi ya kamba na vigingi. Hakuna wa kumwomba ruhusa.

Reli ya Tanga ilikuwa imeshaanza 1893, na ilikuja kufika Moshi 1911. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,250. Sehemu kubwa ilifuata nyayo za misafara ya zamani, ila si kila mahali. Mpwapwa, kituo kikubwa cha misafara, uliachwa pembeni, na ndiyo maana hadi leo anayekwenda huko kwa treni anashukia Gulwe. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa gengi enzi za Mwingereza, kazi yao kushindilia kokoto chini ya mataruma na kufyeka majani kando ya tuta. Mpaka wa reli yeye aliujua kwa panga: wanapoishia kufyeka ndipo reli inapoishia. Ramani hakuwahi kuonyeshwa, wala wanakijiji waliolima hatua chache kutoka pale hawakuwahi kuonyeshwa.

Kwa jirani zetu wa Kenya mambo yalifanyika kwa ukubwa wa kutisha zaidi. Mwaka 1897 Waingereza waliitumia sheria ya India ya kutwaa ardhi, ile ya 1894, kwa ajili ya reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Nje ya ukanda wa pwani wa Sultani walitenga maili moja kila upande wa njia. Maili moja! Treni yenyewe inapita kwenye tuta la mita chache. Mwaka 1904 Wamasai wakawekewa mkataba unaosema wazi kwamba wanahamia maeneo yaliyo mbali na njia ya reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa walowezi. Ardhi ya kando ya reli ndiyo iliyokuwa na bei, kwa sababu mazao yake yanafika bandarini. Nalieleza hili kwa sababu watu wengi humu wanadhani hifadhi ilikuwa suala la usalama wa treni peke yake.

Sasa Tanganyika ya Mwingereza, maana hapo ndipo sheria zinazokugusa wewe zilipozaliwa. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma, iwe inakaliwa au haikaliwi, chini ya Gavana. Mwaka 1928 ikarekebishwa, na mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila na desturi akatambuliwa kuwa na haki ya kuikalia. Hiyo ilikuwa hatua ya maana. Lakini mwaka 1932 ikaja sheria ya barabara kuu, Sura ya 167, na humo ndimo hifadhi za barabara zilimokuwa zikipimwa na kutangazwa. Tangazo linatoka kwenye gazeti la serikali, anayehusika yuko kijijini na hajui kusoma. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini, na inayahesabu maeneo ya barabara kuwa ardhi ya hifadhi. Maana yake ni kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kukugawia kipande kilichomo humo, hata kama barua ina mhuri.

Nguvu ya karatasi hizi za zamani watu waliiona mwaka 2017. Kutoka Kimara kwenda Kiluvya, kwenye barabara ya Morogoro inapotoka Dar es Salaam, nyumba zilibomolewa kwa hesabu ya mita 121.5 kila upande, na sheria iliyotajwa ilikuwa pamoja na hiyo ya 1932.

Barabara nyingi, kwa bahati, hazina upana huo. Kwa miaka mingi ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaongeza hadi mita 30. Shika hapo, mkuu: aliyekutwa ndani ya ile nyongeza ya mita 7.5 anastahili fidia, na ndiyo maana kuna X za kijani, za wanaolipwa, na X nyekundu, za wasiolipwa.

Kwetu ni kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Nasi tulishushwa na lori 1974, viwanja vikapangwa mstari mmoja kuitazama barabara, kwa amri. Miaka michache baada ya sheria ya 2007 tukapigwa X nyekundu na barua kutoka ofisi moja ikatuita wavamizi. Mzee aliumwa na neno hilo kuliko hasara ya nyumba. Tukapima kwa futi kamba: kutoka katikati ya lami hadi ukutani, mita 21. Tungeishia hapo, ila mama akakumbuka kwamba barabara ya changarawe haikupita pale. Ilipita upande wa ng'ambo, na kalavati lake la mawe bado lipo kwenye majani. Walipoweka lami walinyoosha kona, barabara ikatusogelea. Kutoka katikati ya lile kalavati hadi kwetu ni mita 26.

Tukaandika barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Tuliambatanisha mchoro, picha za kalavati, maelezo ya wazee wanne na muhtasari wa mkutano wa kijiji. Ilichukua miezi 11. Wapimaji wakarudi, wakapima upya, na X yetu ikapakwa kijani. Fidia ililipwa.

Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alikuwa mita 19 hata ukipimia kwenye kalavati. Alishushwa na lori lile lile, siku ile ile, na kiongozi yule yule aliyetuonyesha sisi kiwanja kwa kidole akamwonyesha na yeye. Hakupata kitu. Aling'oa mabati yake mwenyewe kabla tingatinga halijafika, sisi vijana tukamsaidia kuyabeba. Kwangu mimi mtu aliyepelekwa na serikali hawezi kuitwa mvamizi na serikali hiyo hiyo, na hili nitalisema popote.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta wakili, pima. Anza katikati ya lami, kisha tafuta barabara ya zamani: kalavati, mfereji wa mawe, miembe iliyojipanga mstari. Waulize wazee sasa hivi wakiwa hai, andika majina yao na wasaini. Omba ofisi husika ikuonyeshe tangazo la hifadhi ya kipande chenu pamoja na ramani yake. Makaburi yapige picha, yahesabu. Ukikuta mko chini ya mita 22.5 kwa vipimo vyote, sitakudanganya, sheria ilivyo haiko upande wenu, ila ushahidi wa 1974 uambatanishe hivyo hivyo mnapoomba kusikilizwa.

Ukishapima rudi hapa uniwekee namba mbili, ya lami na ya barabara ya zamani. Nakala ya barua yetu ninayo, tutaiandika ya kwenu pamoja.