Anko Biashara: "Bei Njoo Inboksi" Inakufukuzia Wateja

Safari hii karibu maswali yote ni ya duka la mtandaoni, na mengi yametoka hukuhuku kwetu Nyanda za Juu Kusini, sijui ni baridi inawafungia watu ndani na simu au vipi. Nimejibu haya matano.

Kamwene anko. Mi nauza vikapu vya milulu, niko Kihesa Iringa, nakusanya kwa akina mama wa vijijini. Nina ukurasa Instagram, watu wanalaiki kweli hadi wa Dar, ila wanaonunua ni wa kuhesabu. Kuna kijana ananiambia shida ni sina websaiti, anataka laki sita anitengenezee. Nimpe? – Mama Vikapu

Kamwene mama. Hiyo laki sita iache hapohapo ilipo kwanza. Nimeingia kwenye ukurasa wako, vikapu ni vizuri mno, ila chini ya kila picha umeandika "bei njoo inboksi" na hapo ndo unapowapoteza watu. Mtu wa Dar saa tano usiku kajilaza na simu yake, kakipenda kikapu, anataka kujua vitu vinne tu: bei gani, kikubwa kiasi gani, kipo au hakipo, na kikifika kwangu nimelipa jumla shilingi ngapi. Akikosa hivyo hakuulizi, anapita zake, na hata akikuuliza we ukaja kujibu asubuhi ashanunua kwa mwingine. Websaiti ya laki sita isiyo na bei itakua inboksi nyingine tu, ila hii ya kulipia kila mwaka.

Kwahiyo anza na vitu vya bure. Pakua WhatsApp Business, ina sehemu ya katalogi, unaweka kila kikapu na picha zake, bei, maelezo, alafu linki ya katalogi unaibandika Instagram. Picha piga asubuhi nje ya mlango kivulini, usitumie filta maana rangi ikifika tofauti na ya kwenye simu ugomvi utakua wako. Piga moja mtu akiwa amekishika ili ukubwa uonekane, moja ya kitako, moja ya mkono wa kikapu kwa karibu kwasababu wateja wa vikapu wanaulizaga sana kama mkono ni wa ngozi au ni milulu mitupu. Alafu chukua rula upime, andika upana na kimo kwa sentimita. "Saizi ya kati" haina maana kwa mtu asiyekiona.

Na kwavile vya kusuka kwa mkono havifanani, kila kikapu kipe namba, funga kikaratasi, na namba hiyohiyo iwe kwenye katalogi na kwenye daftari. Kikiuzwa unakitoa siku hiyohiyo. Kuliko kupokea hela za watu wawili kwa kikapu kimoja bora usiuze kabisa, maana huyo wa pili hata ukimrudishia hela atakutangaza kwamba we tapeli.

Sasa hesabu, hapa ndo wengi mnaumia kimyakimya. Tuseme umenunua kikapu 15,000 kwa mama aliyesuka, unauza 25,000 na umeandika "dilivari bure", moyoni unajua umepata 10,000. Toa mfuko na kamba 700, boda mpaka stendi Igumbilo 2,000, basi la Dar wakikuchaji 5,000, umebaki na 2,300 na hapo hatujagusa makato ya kutoa hela wala bando. Dilivari ya bure hamna mama, kuna mtu anailipa na kwa sasa ni wewe. Andika bei ya kikapu peke yake na ya usafiri peke yake, au panga siku mbili za kutuma kwa wiki, chomeka kidogo ndani ya kikubwa, mzigo wa watu kadhaa uende pamoja kwa mtu wako wa Dar agawe na boda. Vikapu ni vyepesi lakini vinajaza nafasi na konda anachaji nafasi. Kingine, msimu wa mvua vianike vikauke kabisa kabla ya kufunga kwenye nailoni, vikisafiri na unyevu vinafika na ukungu.

Anko, mi nauza viatu vya mtumba Mwanjelwa, naposti status watu wanaoda. Juzi mtu kanitumia meseji ya muamala, nikampa boda viatu pea mbili, kuja kuangalia salio hamna kitu. Najikingaje? – Wa Mwanjelwa, Mbeya

Pole sana mdogo wangu. Kuanzia leo meseji isiwe ushahidi wa kitu chochote, ushahidi ni salio. Meseji feki mara nyingi inatokaga kwenye namba ya kawaida, sio ile yenye jina la mtandao, ila ukiwa na haraka na boda anapiga honi nani anaangalia? We ingia menyu mwenyewe, M-Pesa *150*00#, Airtel Money *150*60#, angalia hela imeingia ndo ufunge mzigo. Mteja wa kweli hawezi kununa kwa dakika mbili, na anayekusukuma "fanya fasta boda aondoke" huyo ndo wa kumuogopa.

Kuna mchezo mwingine, huu hela inaingia kweli, unatoa viatu, alafu jamaa anapiga huduma kwa wateja anadai kakosea namba anataka muamala urudishwe. Ndo maana nasisitiza mchukue lipa namba ya biashara, iwe na jina la duka, hela ya biashara isichanganyike na ya shangazi aliyekutumia ya sukari. Tunza pia chati ya oda na jina la aliyelipa, ukiulizwa una cha kuonyesha. Namba ya huyo tapeli tuma kwenda 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu, ifanyiwe kazi. Na WhatsApp yako weka uthibitisho wa hatua mbili, ile pin ya tarakimu sita, maana wakikuibia akaunti wataendelea kuuza viatu hewa kwa jina lako.

Habari kaka. Mi niko Makambako, nauza vifaa vya simu, chaja, kava, protekta, jumla na rejareja. Oda za WhatsApp zimenizidi, nasahau nani kalipa nani bado. Nafikiri nimefika stage ya websaiti. Nianzie wapi? – Kijana wa Makambako

Wewe ndo umefika, na sababu uliyotoa ndo sababu sahihi. Bidhaa zako zinafanana, chaja mia ni chaja mia, mtu anaweza kuchagua na kulipa bila kukuuliza kitu.

Njia zipo mbili kubwa. Ya kwanza Shopify, kampuni ya Kanada, unalipa kila mwezi kwa dola kwa kadi, wao wanashughulika na seva, yaani kompyuta duka linapokaa, na usalama, we unaweka bidhaa tu. Ni rahisi kuanza ila huduma yao wenyewe ya kupokea malipo haijafika Tanzania, itabidi uunganishe ya mtu mwingine, na usipolipa mwezi duka linafungwa. Ya pili ni WordPress, programu ya kutengenezea websaiti, ukiweka na WooCommerce, kiongezo chake cha duka, zenyewe ni bure, unalipia domeni (jina la anwani ya websaiti) na hosti (sehemu websaiti inapokaa) kwa mwaka, ila ikiharibika ni wewe na fundi wako. Kwa mtu wa Makambako anayeuza kwa shilingi na wateja wake wanalipa kwa simu, mi ningeenda na WooCommerce, mradi uwe na fundi anayepokea simu.

Malipo ndo roho ya duka. Kuna kampuni zinazofanya kazi hapa nyumbani kama Selcom, AzamPay na Pesapal, zinaunganisha websaiti yako na mitandao ya simu, mteja anaandika namba yake, kwenye simu inatokea sehemu ya kuweka pin, akimaliza oda inajibadilisha yenyewe kuwa imelipwa. Hapo ndo utapona na ule ugonjwa wa nani kalipa nani bado. Watakuomba nyaraka za biashara kwahiyo ziandae mapema, na waulize makato ni asilimia ngapi kabla hujapanga bei, sio baada.

Domeni, chukua ya .co.tz, ila sikiliza hapa vizuri maana nimeona watu wakilia: isajiliwe kwa jina lako na imeili yako. Mafundi wengi wanasajili kwa imeili zao, wengine sio kwa ubaya, ni uvivu tu, mkija kugombana au akihamia Dodoma domeni inaisha muda na huna pa kuilipia, stika zote za kwenye maboksi zinageuka takataka. Dai nywila za domeni, za hosti na za ndani ya websaiti, zote tatu, kabla hujamalizia hela yake ya mwisho. Hakikisha pia ile https mwanzoni mwa anwani, inayolinda taarifa za mteja, ipo, cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, fundi asikuuzie kama dhahabu.

Picha zipunguze uzito. Picha ya simu inatoka na MB tatu nne, ukiweka ishirini kwenye ukurasa mmoja mteja wa Ludewa mwenye bando la kuunga ataona kiduara kinazunguka mpaka achoke. Zikiwa KB 150 hivi zinatosha kabisa kuonekana kwenye simu.

Siku ya kuzindua usitangaze kwanza. Jifanye mteja, tumia simu ya bei rahisi na laini ya mtandao mwingine, nunua kava moja, lipa kwa hela ya kweli. Alafu mpe mama yako naye ajaribu bila wewe kumwelekeza, pale atakapokwama ndo pa kurekebisha. Na namba za wateja zihifadhi nje ya websaiti pia. Jumia walifunga Tanzania Novemba 2019, muuzaji aliyekua na wateja wake humo tu alianza upya.

Anko, naweza kuuza parachichi online? Niko Tukuyu, nina zile za aina ya Hass. Na je nahitaji leseni wakati sina hata fremu? – Ndaga fijo, Mnyakyusa mkulima

Ndaga. Unaweza, ila usiuze parachichi zilizo ndani, uza zilizo mtini. Parachichi haliivi likiwa mtini, linaanza kuiva likishachumwa, kwahiyo mti ndo stoo yako. Funga oda Jumatatu, chuma Jumanne, pandisha basi, na mteja mwambie wazi yatafika magumu, ayaache siku kadhaa, usipomwambia atakupigia anasema umemuuzia mawe. Uza kwa kilo, usiuze kwa "moja moja", na tumia boksi lenye matundu, joto la Dar sio la Rungwe.

Leseni, kaulize halmashauri kwanza. Kutokua na fremu hakukutoi kwenye sheria. TIN ya TRA haina malipo, jina la biashara ni BRELA na unaomba mtandaoni, leseni ni halmashauri. Ukianza kusindika, mfano mafuta ya parachichi kwenye chupa, utakutana na TBS, wale wa viwango, pia, pitia SIDO Mbeya, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze kabla hujachapa lebo.

Kaka, kuposti skrinshoti za wateja waliolipa ili wengine waniamini ni vibaya? – Dada wa Mafinga

Ushuhuda sio mbaya, namba ya mtu ndo mbaya. Juzi nimeona status ya duka moja, jina kamili la mteja, namba ya simu, kiasi alicholipa, mpaka mtaa anaokaa, vyote viko wazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ina tume yake, kwahiyo mwenye namba ana pa kulalamika. Muombe ruhusa kwanza, akikubali kata picha libaki neno lake la kusifu mzigo tu. Kuchora juu kwa ile peni nyembamba ya kwenye simu haisaidii, namba inasomeka chini yake.